Ncha za Mishale: Je, Sheria ya Silaha Humwadhibu Asiyekosa?

Wahenga walisema samaki mmoja akioza wote wameoza. Methali hii hutumiwa sana kuonya, lakini ni nadra kuulizwa iwapo ni ya haki. Samaki aliyeoza huwaambukiza wenziwe ndani ya tenga; binadamu hawi mwovu kwa sababu tu jirani yake ni mwovu. Basi ikiwa mtu mmoja ametenda jinai, ni kwa hoja gani wenziwe elfu moja wasiotenda jinai yoyote watapokonywa walicho nacho? Hili ndilo swali lililo katika kiini cha mjadala wa sheria za kudhibiti silaha, hususan bunduki zinazojipakia zenyewe, mjadala ambao kwa miongo mitatu sasa umezigawa nchi kadhaa, Marekani ikiwa mstari wa mbele. Aghalabu mjadala huo huendeshwa kwa takwimu. Takwimu zina mahali pake, nasi tutazitaja. Lakini chini yake kuna swali la maadili, na swali hilo halijibiwi kwa kuhesabu maiti peke yake.

Kwanza tukijue chombo chenyewe. Bunduki ya nusu-otomatiki ni ile ambayo, baada ya kufyatua risasi, hutumia nguvu ya mlipuko huohuo kulitupa nje ganda tupu na kuingiza risasi nyingine mahali pake. Mpigaji hahitaji kuvuta komeo kwa mkono: kila kidole kinapovuta kifyatulio hutoka risasi moja, na ya pili tayari imekwisha kukaa mahali pa ya kwanza. Hii si bombomu, imiminayo risasi mfululizo maadamu kidole kimekaza. Hata hivyo, mtu mmoja mwenye bunduki ya nusu-otomatiki na magazini kadhaa zilizojaa anaweza, kwa dakika chache, kufanya lile ambalo zamani lilihitaji kikosi. Aina inayotajwa zaidi katika mjadala huu, AR-15, ilibuniwa na kampuni ya ArmaLite nchini Marekani katika miaka ya 1950. Mwenye gobori, silaha iliyojulikana sana kwa mababu zetu, alilazimika kushindilia baruti na gololi mtutuni kabla ya kila mlio. Muda ule wa kushindilia ulikuwa pia muda wa mwingine kukimbia, au kumrukia mpigaji na kumshika mikono. Bunduki inayojipakia yenyewe imeufuta muda huo.

Tarehe 28 Aprili 1996, huko Port Arthur katika kisiwa cha Tasmania, mtu mmoja aliwaua watu 35. Sisi wakazi wa visiwa tunaelewa namna msiba unavyoenea kisiwani, mahali ambapo ni shida kumpata asiyemjua marehemu au jamaa wa marehemu. Siku 12 baadaye, tarehe 10 Mei, serikali ya shirikisho ya Australia chini ya Waziri Mkuu John Howard ilikubaliana na serikali za majimbo kuziondoa bunduki za aina hiyo mikononi mwa raia, isipokuwa kwa mahitaji machache maalumu. Kila mmiliki wa silaha nyingine alitakiwa kuwa na leseni na sababu ya kweli ya kumiliki, na kujilinda hakukuhesabiwa kuwa sababu ya kutosha. Serikali ilizinunua silaha zaidi ya 600,000 na kuziharibu, kwa fedha zilizotokana na nyongeza ya mwaka mmoja katika tozo ya huduma za afya. Howard hakuwa mtu wa mrengo wa kushoto. Wakulima na wawindaji waliotakiwa kusalimisha bunduki zao walikuwa, kwa sehemu kubwa, wapiga kura wa upande wake mwenyewe.

Miaka 23 ikapita. Ijumaa ya tarehe 15 Machi 2019, katika mji wa Christchurch nchini Nyuzilandi, watu 51 waliuawa katika misikiti miwili, Al Noor na Linwood, walipokuwa wamehudhuria sala ya Ijumaa. Mtu wa kwanza aliyekutana na muuaji mlangoni mwa msikiti wa Al Noor alimkaribisha kwa kumwita ndugu. Tarehe 10 Aprili mwaka huohuo Bunge la nchi ile lilipitisha sheria ya kupiga marufuku sehemu kubwa ya bunduki za nusu-otomatiki, kwa kura 119 dhidi ya moja. Hapa iko nukta ambayo sitaki msomaji aisahau, kwa kuwa hoja yangu itaisimamia: muuaji wa Christchurch alikuwa na leseni ya silaha iliyotolewa na polisi. Machoni pa sheria, hata siku moja kabla ya jinai yake, alikuwa miongoni mwa wamiliki wema.

Marekani imepita njia nyingine. Mwaka 1994 Bunge la nchi hiyo lilipiga marufuku utengenezaji na uuzaji wa aina kadhaa za bunduki hizi kwa raia, lakini sheria hiyo ilipewa umri wa miaka 10; mwaka 2004 ikafa bila kuhuishwa. Mwaka 2008 Mahakama Kuu ya nchi hiyo, kwa kura tano dhidi ya nne, iliamua kuwa Nyongeza ya Pili ya Katiba, iliyoridhiwa mwaka 1791, humpa mtu binafsi haki ya kumiliki silaha kwa ajili ya kujilinda nyumbani mwake. Mnamo Desemba 2012 watoto 20 na watu wazima sita waliuawa katika shule ya Sandy Hook, jimbo la Connecticut. Mnamo Mei 2022 watoto 19 na walimu wawili waliuawa katika mji wa Uvalde, Texas. Kila baada ya msiba sauti mbili husikika: moja husema tatizo ni silaha, nyingine husema tatizo ni moyo wa muuaji. Kisha kila upande hurudi kwao, ukiwa umejisikiliza wenyewe.

Mimi naona ni wajibu wa mwenye kutafuta haki kuisikiliza hoja ya mpinzani katika sura yake yenye nguvu kabisa, wala si katika sura ya kikaragosi. Wanaopinga marufuku wana hoja tatu nzito. Ya kwanza ndiyo tuliyoanza nayo: kwamba sheria hizi humwadhibu asiyekosa. Mtu amemiliki bunduki yake miaka 20, ameifungia kabatini, hajamtishia kiumbe. Leo dola inamgongea mlango kwa sababu ya jinai ya mtu asiyemjua. Ya pili: historia inaonyesha kuwa mwenye nguvu hupenda kumnyang'anya silaha mnyonge kabla ya kumdhulumu. Ya tatu: jambazi hatii sheria, kwa hiyo marufuku huwapokonya watiifu tu, na kuwaacha wasiotii wakiwa na meno yao.

Hoja ya pili sisi Waafrika hatuwezi kuipuuza. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890, ambao mataifa ya Ulaya yaliutangaza kuwa ni wa kukomesha biashara ya watumwa, ulizuia kuingizwa silaha za kisasa katika eneo kubwa la Afrika, kuanzia nyuzi 20 kaskazini hadi nyuzi 22 kusini mwa ikweta. Kwa wenyeji ziliachiwa mlango bunduki za gumegume na baruti ya kawaida. Si kila lililosemwa juu ya lengo la mkataba ule lilikuwa uongo, kwani bunduki kweli ilikuwa mkono wa kulia wa mteka watu. Lakini matokeo yake mengine yalionekana miaka 15 baadaye, pale wapiganaji wa Majimaji walipokwenda na mikuki na magobori kuyakabili mabombomu ya Wajerumani. Huko Marekani nako, mwaka 1865, mara baada ya utumwa kukomeshwa, jimbo la Mississippi lilitunga sheria ya kumkataza Mtu Mweusi aliyeachwa huru kuwa na silaha bila kibali. Anayesema kwamba kila sheria ya kudhibiti silaha ni sheria ya huruma hajaisoma historia.

Tuzijibu hoja hizi moja baada ya moja, na tuanze na ya adhabu. Adhabu ni nini? Si kila jambo linalomuumiza mtu au kumpunguzia kitu ni adhabu. Adhabu ni maumivu yanayotolewa pamoja na lawama: mtu huambiwa, umekosa, na kwa sababu umekosa utalipa. Dereva mwangalifu ambaye hajapata ajali maishani naye pia huzuiwa kwenda kasi kupita kiwango kilichoandikwa kando ya barabara. Hajaadhibiwa kwa ajali za wengine. Hakuna anayemwambia kuwa ni muuaji. Amewekewa mzigo, na mzigo huo ameubeba kila mwenye kushika usukani, mzembe na mwangalifu sawasawa, kwa sababu barabara ni ya wote na askari hawezi kuusoma moyo wa kila dereva. Lau angenyang'anywa gari na kutiwa pingu, hapo tungesema ameadhibiwa.

Katika mapokeo ya Kiislamu kuna agizo la Mtume (S.A.W.) kwamba mtu apitaye msikitini au sokoni akiwa na mishale azishike ncha zake, asije akamjeruhi mtu. Tulitafakari agizo hili. Haliwalengi wahalifu, mhalifu hakwenda sokoni ili azishike ncha. Linamlenga mtu mwema, apitaye na mali yake halali, asiyekusudia ubaya wowote. Wajibu umewekwa juu ya bega la asiye na hatia, na haukuwekwa kama laana juu yake, bali kama haki ya wale anaopita kati yao. Kubeba chombo cha hatari mahali penye watu ni sababu ya kutosha ya kuwajibika, hata kabla ya dhambi yoyote kutendeka. Mafakihi nao waliijenga kanuni pana ya kuziba njia zinazoelekea kwenye madhara, ijapokuwa njia yenyewe kwa asili ni ya halali.

Lakini mtu anaweza kusema: kushika ncha ni jambo moja, kusalimisha mishale ni jambo jingine. Ni kweli, na ndiyo maana hatuwezi kuruhusu kila marufuku kwa hoja ya tahadhari. Kwa kanuni isiyo na mpaka tungepokonywa visu vya jikoni. Mimi naona masharti matatu yanapaswa kutimia kabla mwema hajaombwa kukiacha kitu chake. Kwanza, madhara yanayozuiwa yawe makubwa na yasiyorekebishika. Pili, anachopoteza mwema kiwe kinaweza kufidiwa, au mahitaji yake ya kweli yaweze kutimizwa kwa njia nyingine. Tatu, kusiwe na njia ya kuaminika ya kumtenga mwovu na mwema kabla ya tendo.

Sharti la kwanza halina haja ya maelezo. La pili hutimia kwa sehemu kubwa: mkulima anayewafukuza nguruwe pori na mwindaji anayetafuta kitoweo wanaweza kutumia bunduki inayovutwa komeo kwa mkono, na Australia na Nyuzilandi zote mbili zililipa fidia. La tatu ndilo linaloamua, na hapa narudi kwenye leseni ya Christchurch. Watetezi wa umiliki husema, wachujeni watu, msichuje vyombo. Shauri hili ni zuri, na uchujaji ufanywe kwa bidii yote. Tume iliyochunguza msiba ule iliwalaumu polisi kwa namna walivyoishughulikia leseni ya muuaji. Lakini hata chujio zuri hupima yaliyopita. Halipimi hasira ya mwakani, wala chuki inayokua kimya chumbani. Mgawanyo wa wema na waovu, ambao hoja ya kwanza inausimamia, aghalabu hujulikana baada ya maziko. Kwa kuwa hatuwezi kuujua moyo wa mtu, tunachoweza ni kupunguza kiasi cha maafa ambacho moyo mmoja uliogeuka unaweza kuyaleta kwa dakika tano.

Sasa hoja ya mnyonge. Ubaya wa mkataba wa Brussels na wa sheria ya Mississippi haukuwa katika kudhibiti silaha kama silaha. Ubaya ulikuwa kwamba aliyetunga sheria hakuingia chini yake. Mmoja alinyang'anywa ili mwingine abaki nazo na amtawale. Na aliyenyang'anywa hakuwa na kura, wala mahakama, wala fidia. Kwa hiyo kipimo cha sheria ya silaha ni kuuliza: je, inawashika wote kwa usawa? Je, wanaoguswa wanaweza kuipinga mahakamani na katika sanduku la kura? Sheria isiyopita kipimo hiki ni unyang'anyi uliovishwa joho, na anayeikataa ana haki ya kuikataa. Ndiyo maana sisemi kuwa lililofaa Tasmania litafaa kila mahali. Pale ambapo dola yenyewe ndiyo inayowaua raia wake, kumwambia raia asalimishe bunduki kwa ajili ya amani ni maneno ya dhihaka.

Isitoshe, dola inayochukua silaha inachukua pamoja nayo deni. Huko Uvalde askari zaidi ya 370 wa vikosi mbalimbali walifika shuleni, na zaidi ya saa moja ikapita kabla ya muuaji kukabiliwa, ilhali watoto walikuwa darasani wakipiga simu kuomba msaada. Baba anayesema baada ya siku ile kwamba hatamwachia mtu mwingine kazi ya kuwalinda wanawe, hasemi upuuzi. Ametazama deni lisilolipwa. Jibu la haki kwake si kumwita mshamba apendaye bunduki. Jibu la haki ni polisi watakaoingia. Hata hivyo yeye naye hana budi kukiri kwamba askari wale, ambao wengi wao walikuwa na silaha, walisitasita kwa sababu walijua ni bunduki ya namna gani iliyokuwa ndani. Chombo anachokitaka kwa ulinzi ndicho kilichowatia hofu walinzi.

Kuhusu hoja ya tatu, yatupasa kusema kweli hata kama inaudhi upande wetu. Bunduki ndefu za nusu-otomatiki si chanzo kikuu cha vifo vya risasi nchini Marekani. Mwaka 2021 zaidi ya watu 48,000 walikufa kwa risasi nchini humo; zaidi ya nusu yao walijiua wenyewe, na katika mauaji silaha iliyotumika zaidi ni bastola. Anayeahidi kwamba marufuku ya AR-15 peke yake itaikomesha misiba hiyo anawadanganya wafiwa. Australia nayo, vifo vya bunduki vilikuwa vimeanza kupungua hata kabla ya 1996, na watafiti hawakubaliani ni sehemu gani ya upungufu uliofuata iliyoletwa na sheria. Wala sheria si ukuta usiopitika: tarehe 14 Desemba 2025 watu 15 waliuawa katika ufuo wa Bondi, Sydney, waliposhambuliwa katika sherehe ya Kiyahudi, na mmoja wa washambuliaji wawili alikuwa na leseni ya silaha.

Je, hayo yanaivunja hoja? Siyaoni yakiivunja, yanaiweka mahali pake. Sheria haidaiwi kuondoa uovu wote ndipo iwe ya haki. Inadaiwa kuzuia madhara fulani yanayozuilika, kwa gharama inayostahimilika. Kwamba mwizi hatii sheria ya wizi haijawa sababu ya kuifuta. Na muuaji wa halaiki, mara nyingi, si jambazi wa zamani mwenye njia zake za magendo. Ni mtu aliyenunua dukani, mchana, akapewa risiti.

Lipo jambo la mwisho ambalo watetezi wa sheria hizi, nikiwa miongoni mwao, hulipita haraka. Hata sheria ya haki huacha baki. Yule mzee wa Australia aliyerithi bunduki kwa babake, akaipeleka mwenyewe kituoni na kuitazama ikisagwa, alitoa kitu. Hakulipa faini, kwa kuwa hakukosa. Alitoa mchango kwa usalama wa watoto asiowajua. Mchango hujibiwa kwa shukrani. Mnamo Juni 1996 Howard alikwenda kuwahutubia wamiliki wa silaha katika mji wa Sale, akiwa amevaa fulana ya kuzuia risasi chini ya koti. Ushauri wa walinzi wake unaeleweka. Lakini waliokuwa mbele yake walikuwa raia watiifu waliokuja kupinga kwa maneno, na ile fulana iliwaambia kile hasa ambacho sheria ilipaswa kutowaambia: kwamba wanashukiwa. Howard mwenyewe baadaye alisema anajutia kuivaa.

Hapo ndipo mpaka baina ya mzigo na adhabu unapopotea. Tukimwomba mwema aachie silaha yake huku tukimtazama kama muuaji ambaye bado hajapata nafasi, tumegeuza wajibu kuwa lawama, na hoja yake ya kwanza inakuwa ya kweli kwa makosa yetu wenyewe. Samaki hawajaoza wote, na sheria isiseme kuwa wameoza. Iseme kwamba hatuna macho ya kumwona atakayeoza kesho. Kwamba wanaosali Ijumaa na wanaosoma darasani wana haki ya kupita sokoni bila kuchomwa. Na kwamba kwa ajili yao tunamwomba kila mbeba mishale, mwema kwa mwovu, azishike ncha. Atakayekubali anastahili fidia yake, heshima yake, na ulinzi aliodhani bunduki ingempa.